Kutoka gati la Civitavecchia hadi Roma kwa treni, bila ziara ya meli

Kampuni za meli za kitalii huandika "Roma" kwenye ratiba zao, ingawa hakuna meli ya abiria wa aina hiyo inayofika Roma. Meli hufunga gati Civitavecchia, mji wa bandari ulio kwenye Bahari ya Tirreni, kati ya kilomita 70 na 80 kaskazini-magharibi mwa jiji, na kutoka hapo kila abiria anajitafutia njia au ananunua ziara inayouzwa melini kwa bei ambayo, kwa familia ya watu wanne, inaweza kukaribia nauli ya ndege ya mtu mmoja. Mimi na mama yangu tulichagua treni. Kwa kuwa ndugu na marafiki kadhaa wameniuliza jinsi ilivyokuwa, naandika hapa kila kitu ambacho ningependa kukijua kabla ya kushuka melini.

Mjadala mwingi kuhusu safari hii hujikita kwenye bei ya tiketi na kasi ya treni. Kwa maoni yangu, uamuzi mzito zaidi ni kituo utakachoshuka, kwa sababu reli hii inaingia Roma kupitia vituo kadhaa vilivyo mbalimbali, na muda wa saa sita au saba ulio nao hautoshi kurekebisha uamuzi huo baada ya kushuka. Nitalirudia jambo hilo baada ya kuwatoa wasomaji bandarini.

Bandari yenyewe ina historia ambayo abiria wengi huipita wakiwa na haraka. Ilijengwa na Kaizari Trajan mwanzoni mwa karne ya 2, na ngome kubwa utakayoiona karibu na gati za zamani, Forte Michelangelo, ilianzishwa mwaka 1508 na msanifu Bramante kwa amri ya Papa Julius wa Pili, ikamalizika mwaka 1535. Jina lake linatokana na mapokeo kwamba Michelangelo ndiye aliyechora sehemu ya juu ya mnara wake mkuu. Leo bandari imepanuka mno, meli kubwa hufunga mbali na lango, na abiria haruhusiwi kukatiza kwa miguu kati ya malori na makontena. Basi la bandari, ambalo ni la bure, huwachukua abiria kutoka ngazi ya meli hadi kituo kiitwacho Largo della Pace. Hapo kuna basi jingine la kulipia linalokwenda stesheni ya reli, au mwenye miguu mizuri anaweza kutembea kando ya bahari kwa chini ya nusu saa. Mama alipanda basi, nami nikapanda naye. Hapo hapo utakutana na madereva wanaokuhakikishia kwamba treni ya mwisho ya asubuhi imekwisha kuondoka. Wasikilize kwa adabu na uendelee na safari yako, kwa kuwa saa nyingi za mchana zina treni mbili za kawaida, na saa chache zina moja.

Stesheni ya Civitavecchia ni ndogo na haimpotezi mtu. Ndani yake kuna mashine za tiketi na duka la magazeti linalouza tiketi pia, na foleni ya dukani mara nyingi huenda haraka kuliko ile ya mashine, ambako abiria wenzako wa melini wanahangaika na lugha. Ukitaka kwenda na kurudi tu, tiketi ya treni ya kawaida ya mkoa ni takriban euro 5 kwa kila upande. Ukikusudia kutumia pia mabasi au treni za chini ya ardhi za Roma, omba tiketi ya siku nzima iitwayo BIRG. Tulipoinunua ilikuwa euro 12, na inatumika hadi usiku wa manane kwenye treni za kawaida daraja la pili, metro, mabasi na tramu. Tiketi hiyo huandikwa jina na tarehe ya kuzaliwa ya mwenye kuitumia, kwa hiyo haiazimwi. Haitumiki kwenye treni za mwendo wa kasi zinazopita kwenye reli hiyo hiyo, na mtu aliyepanda treni ya kasi akiwa na BIRG mkononi anahesabiwa kama hana tiketi.

Tiketi yoyote ya karatasi lazima igongwe muhuri kwenye kimashine kilichobandikwa ukutani kabla ya kupanda. Mkaguzi hupita, na hapokei maelezo kwamba wewe ni mgeni. Faini hutozwa papo hapo, na nimeona wenzi wa makamo, watu waliokuwa na tiketi halali kabisa, wakilipa kwa sababu tu hawakuigonga.

Kaeni upande wa kulia mnapokwenda Roma. Reli hii, ambayo ilifunguliwa mwaka 1859 wakati eneo lote likiwa bado chini ya utawala wa Mapapa, hufuata bahari kwa muda hadi kupita Santa Marinella, kisha huingia bara kwenye mashamba na vitongoji ambavyo havina cha kusimuliwa.

Sasa nirudi kwenye vituo. Kituo cha kwanza chenye maana kwa mgeni ni Roma San Pietro, ambacho treni za kawaida hukifikia kwa muda wa chini kidogo ya saa moja. Ukitoka nje, kuba la Basilika la Mtakatifu Petro linaonekana, na uwanja wake uko umbali wa dakika kumi hadi kumi na tano kwa miguu. Kinachofuata ni Trastevere, kisha Ostiense, na mwisho wa njia ni Termini, stesheni kuu, ambako treni ya kawaida hufika baada ya saa moja na robo hivi. Watu wengi huendelea hadi Termini kwa sababu tu ni stesheni kuu. Treni za Civitavecchia husimama kwenye majukwaa ya namba 25 na kuendelea, ambayo yako pembeni kabisa, na kutoka hapo hadi kwenye ukumbi mkuu ni mwendo wa dakika kumi za kukwepa masanduku ya watu. Ukijumlisha kwenda na kurudi, umeipa Termini karibu saa nzima ambayo ungeitumia kwingine.

Sisi tulishuka San Pietro, na uamuzi haukuwa wangu. Mama ni Mkatoliki kutoka Kilema, Kilimanjaro, aliyelelewa na masista, na nilipoanza kumweleza habari za Colosseum, uwanja wa michezo wa Waroma wa kale, tukiwa bado Moshi alinikata kauli: "Mwanangu, mimi nakwenda kwa Mtakatifu Petro. Hayo magofu utayatazama wewe siku yako." Basi siku nzima ikapangwa kulizunguka basilika, ambalo liliwekwa wakfu mwaka 1626 na ambalo altare yake kuu, kwa mapokeo ya Kanisa, iko juu ya kaburi la Mtume Petro. Kuingia ni bure. Gharama yake ni foleni ya ukaguzi wa usalama, ambayo asubuhi mapema huwa fupi na ikikaribia saa nne huzunguka uwanja. Mabega na magoti lazima yafunikwe, wanawake kwa wanaume, na hapa kanga ya Mama ilisaidia watu wengine wawili tusiowajua, kwa sababu alikuwa amefungasha doti nzima. Siku ya Jumatano hali hubadilika: Papa anapokuwa Roma hukutana na mahujaji asubuhi, kwa kawaida uwanjani, na basilika hufunguliwa kwa wageni baadaye. Makumbusho ya Vatikano nayo hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Kwa maoni yangu, makumbusho hayo na siku moja ya meli havipatani, kwani yanahitaji nusu ya siku ukiwa umekata tiketi kabla, na utatoka umechoka usiweze kuona kitu kingine.

Kutoka uwanjani hapo mtu anaweza kushuka polepole hadi Castel Sant'Angelo, kuvuka mto Tiber, kupita Piazza Navona na kufika Pantheon, jengo la Kaizari Hadrian lililokamilika yapata mwaka 126, lenye tundu la wazi katikati ya kuba ambamo mvua huingia. Tangu mwaka 2023 wageni hulipa kiingilio. Njia nzima ni tambarare, na kila baada ya mitaa michache kuna bomba la chuma linalotiririsha maji ya kunywa bure, kwa hiyo chupa moja inatosha siku nzima. Basi namba 64 linarudi kutoka upande huo hadi karibu na stesheni ya San Pietro; ni basi linalojulikana sana kwa wezi wa mifukoni, na mkoba unapaswa kuwa mbele ya kifua.

Kwa Watanzania kuna sababu moja ya kufikiria kushuka Trastevere, ambayo vitabu vya watalii haviitaji. Kila kardinali wa daraja la mapadre hupewa kanisa moja la Roma liwe lake kwa heshima, na Laurean Rugambwa wa Tanganyika, aliyefanywa kardinali na Papa Yohane wa 23 mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza katika zama hizi, alipewa San Francesco a Ripa, ambamo pia mna sanamu mashuhuri ya marumaru iliyochongwa na Bernini. Tramu namba 8 hupita barabara kuu ya mtaa huo. Hatukupata nafasi ya kufika, na Mama bado ananikumbusha.

Anayetaka Roma ya makaizari ashuke Ostiense. Njia ya chini ya ardhi inaiunganisha stesheni hiyo na kituo cha metro cha Piramide, karibu na piramidi halisi iliyojengwa kuwa kaburi la Mroma aliyeitwa Cestius kabla ya kuzaliwa kwa Kristo. Kutoka hapo, kituo cha pili ni Colosseo, na ukitoka nje Colosseum, uliozinduliwa na Kaizari Titus mwaka 80, uko mbele yako. Tiketi za kuingia ndani huwa na saa maalumu na jina la mtu, na zinahitaji kununuliwa mapema. Asiye nayo anaweza kuuzunguka kwa nje na kufuata barabara ya Fori Imperiali akitazama magofu bila kulipa senti. Kituo cha katikati, Circo Massimo, kiko mbele ya makao makuu ya FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, jengo ambalo awali lilikusudiwa kuwa wizara ya makoloni ya Italia barani Afrika. Hapo nje ndipo ulipokuwa umesimamishwa, tangu mwaka 1937, mnara wa Axum ulionyakuliwa Ethiopia na majeshi ya Mussolini. Ulirudishwa vipande vipande mwaka 2005 na kusimikwa upya kwao mwaka 2008. Mwafrika anayepita hapo anaweza kutenga dakika tano za kuangalia mahali palipobaki wazi.

Hesabu ya kurudi ifanywe kuanzia mwisho. Kama meli inaondoka saa 1 jioni, abiria hutakiwa kuwa ndani nusu saa kabla, wakati mwingine mapema zaidi, na saa inayohesabiwa ni saa ya meli. Kutoka stesheni ya Civitavecchia hadi ngazi ya meli, pamoja na mabasi mawili na ukaguzi, tenga saa moja. Treni inaweza kuchelewa nusu saa bila mtu yeyote kushtuka. Kwa sababu hiyo mimi nilichagua treni inayopita San Pietro saa 9 na nusu alasiri, ili nyuma yake zibaki nyingine ambazo bado zingetufikisha. Ratiba zao zimeandikwa kwa mtindo wa saa 24, na aliyezoea saa zetu ahesabu mara mbili: 15:30 ndiyo hiyo saa 9 na nusu.

Mgomo ni kitu cha kawaida Italia, lakini sheria inadai utangazwe mapema, na siku za kazi treni za mkoa huhakikishwa kati ya saa 12 na saa 3 asubuhi, na tena kati ya saa 12 jioni na saa 3 usiku. Ukitazama saa hizo utaona kwamba zinakupeleka Roma vizuri na haziwezi kukurudisha kwa wakati. Siku ya mgomo, nunua basi la meli lisilo na mwongozaji, lile linalokushusha jijini na kukuchukua jioni. Ni ghali mara kadhaa kuliko treni, ila likikwama barabarani meli hulisubiri.

Anayekwenda mwenyewe hasubiriwi, na kwa mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya jambo hilo lina uzito zaidi kuliko kwa Mjerumani aliye kiti cha jirani. Hakikisha viza yako ya Schengen ni ya kuingia zaidi ya mara moja iwapo meli inapita Uturuki au Tunisia na kurudi Ulaya, na kwamba ina siku za ziada baada ya tarehe ya mwisho wa safari. Meli nyingi hushikilia pasipoti za abiria, kwa hiyo beba nakala ya ukurasa wa picha na wa viza, kadi ya meli, kadi ya benki, dawa zako na namba ya simu ya wakala wa meli wa bandari hiyo, ambayo huchapishwa kwenye karatasi ya ratiba ya kila siku inayoachwa chumbani. Meli inapoondoka bila abiria, wafanyakazi wake huingia chumbani mwake, na wakiikuta pasipoti humwachia wakala huyo, kwa hiyo yeye ndiye wa kupigiwa simu kwanza, hata kabla ya kutafuta hoteli.