Morgon iliyopozwa, mezani Lyon

Nimetoka kula chakula cha mchana hapa Lyon, Ufaransa, na ladha ya divai bado ninayo ulimini.

Mhudumu alituletea Morgon, divai nyekundu ya eneo la Beaujolais, katika ile chupa ya kienyeji ya sentilita 46 yenye kitako kinene cha kioo, ikiwa imepozwa kiasi kwamba matone ya maji yalikuwa yakiteleza ubavuni mwake. Mwenzangu alishangaa, kwani wengi tumezoea kuambiwa kuwa divai nyekundu hainywewi baridi; lakini Morgon hutengenezwa kwa zabibu za Gamay, zenye ukakasi mdogo na uchachu wa kutosha, na divai yake hupendeza zaidi ikipozwa hivyo.

Mwaka 1395 mtawala wa eneo la Bourgogne, Philippe le Hardi, aliamuru mizabibu ya Gamay ing'olewe. Kwa heshima zote kwa marehemu, mimi naona alikosea.

Morgon yetu tuliinywa pamoja na soseji nene iliyochemshwa na kuandaliwa na viazi. Kila nilipotafuna kipande chenye mafuta, funda moja lilitosha kuusafisha mdomo, na nyuma yake ikabaki harufu ya cheri mbivu, ikifuatwa na kitu kama changarawe iliyolowa mvua.

Hapo nilitulia kwanza, kisu mkononi, kabla ya kukata kipande kingine.

Jibini kali lililofuata sikulipenda pamoja na divai hii, maana liliimeza ladha yake kabisa.

Ndugu zangu mnaokunywa divai, mngeijaribu na kuku wa kuchoma au na mishikaki? Niandikieni hapa chini.