Nimefundisha kusuka ukili, na hakuna aliyeondoka na kikapu

Jumamosi nimefundisha watu kusuka ukindu, yale majani ya mkindu, kwa mara ya kwanza, hapa hapa Mtwara mjini, wengi wao kina mama wa kikoba na mabinti wachache wa chuo, na tangu siku hiyo kila ninayekutana naye swali ni moja, vikapu viko wapi tuvione. Hakuna vikapu jamani.

Walionialika walitaka kila mtu aondoke na chake, picha zipigwe ziende status. Nikawaambia mtu ambaye asubuhi hajui hata kushika chane (kijiukanda cha ukindu uliochanwa) hawezi kufika jioni ana kikapu, kikapu cha sokoni kinakula pima na pima za ukili, ule mkanda mrefu wa chane zilizosukwa (pima ni urefu wa mikono miwili ukiinyoosha), halafu ndo uanze kuuzungusha na kuushona kutoka kitako kwenda juu, bado mikono hujaweka. Wakasema basi tununue ukili uliokwisha kusukwa kule Mikindani, wao washone tu. Nikakataa, hayo yangekuwa maonyesho sio mafunzo. Tukabishanaaa mpaka ikawa siku hiyo ya kwanza ukili tu, basi.

Ukindu niliuandaa mwenyewe, umeanikwa mpaka umekuwa mweupe, nusu nikauchemsha na rangi nyekundu kwenye sufuria kuukuu (usitumie ya kupikia, mama yangu sufuria yake hajaisahau mpaka leo). Rangi mbili nilizitaka makusudi, kwa sababu mwanafunzi akipitisha chane sipo rangi inamsema palepale, ukindu mweupe mtupu atasuka kosa zima mpaka mchana bila kujua. Na chane niliwachania nene kuliko ninazotumia mimi. Nyembamba inapendeza ila kwa mkono mgeni inakatika hovyo, mtu anakata tamaa mapema.

Sasa kasheshe ilikuwa kwenye kukaa. Waandaaji walikuwa wamepanga viti kama darasani, mimi mbele, wao wananitazama. Ukikaa hivyo kila kitu kinageuka, kulia kwangu ndo kushoto kwao, nasema kunja huku wanakunja kule. Mimi kwa bibi nilijifunza nimekaa ubavuni mwake kwenye jamvi, hajawahi kuniambia neno zaidi ya "fumua." Kwa hiyo nikaondoa viti, tukatandika mikeka, nikakaa chini nikawapa mgongo ili waangalie mikono yangu kwa juu ya bega. Na mle ndani kuna watu wazima, unawapaje mgongo? Nikaomba radhi, samahanini sana mama zangu nawapa mgongo. Bi mkubwa mmoja akanijibu, "Tupe tu mwanangu, hatukuja kutazama uso." Chumba kizima kikacheka, na hapo ndo kazi ikaanza kwenda, juu mbili chini mbili, kunja ukingoni, rudi. Binti mmoja ni wa mkono wa kushoto, huyo peke yake nikamgeuzia uso aige kama anajitazama kwenye kioo, akawahi kuliko wenzake.

Feni nayo ikawa ugomvi. Chane inasukwa ikiwa na unyevu kidogo, na waliokaa chini ya feni zao zilikuwa zinakauka mkononi na kuvunjika kwenye mkunjo. Nikaizima. Joto la Mtwara mnalijua, walinung'unika kweli, ila chane ziliacha kuvunjika. Chai ilikuja na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, manung'uniko yakaisha.

Mchana nikawafundisha kuunga, maana chane ikikuishia unalaza mpya juu ya kuukuu zinakwenda pamoja mizunguko kadhaa, ncha zote unaziacha upande wa nyuma utazikata baadaye. Wengi hapa ndo wanapoharibu, wanafunga fundo! Fundo likishaingia ukili unapinda, hata ushone vipi kikapu hakikai sawa. Kuhakiki ni rahisi, inua ukili wako dirishani, ukiona mwanga unapenya umelegea, fumua. Kuna mama alifumua mara nyingi mpaka akaniuliza, kwa hiyo huu unaotuuzia elfu kumi na tano umekaa nao siku ngapi? Sikumjibu, jirani yake ndo alimjibu. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 watu wanaulizia vikapu sana, ila wakitajiwa bei wanarudi kwenye mfuko mbadala wa sokoni.

Kuna fundi seremala alikuja kumsindikiza tu mkewe, akaboreka akaomba chane, jioni ukili wake ulikuwa umebana kuliko wote na umenyooka kama wa mtu wa miaka.

Wote wameondoka na fungu la chane limeviringishwa kwenye kitambaa chenye maji kidogo. Jumamosi ijayo tunaanza kushona kitako, na nimeshawaambia asiye na pima mbili asije na sindano. Seremala keshatuma picha ya pima yake ya kwanza kwenye grupu la wasapu. Mkewe kaisoma, hajajibu.