Nimesali kwa Mtakatifu Thomas, Philadelphia

Jamani, leo nimesali Kanisa la Mtakatifu Thomas hapa Philadelphia na moyo umejaa. Hii ndiyo parokia ya kwanza ya Waepiskopali (Waanglikana wa Marekani) Weusi nchini humo, ilifungua milango Julai 17, 1794. Jengo la sasa si lile la kwanza, parokia imehamahama, sasa iko mtaa wa Overbrook.

Mwanzilishi wake, Absalom Jones, alizaliwa mtumwa Delaware mwaka 1746. Alipojichanga, alimkomboa kwanza mkewe Mary, ili watoto wao wazaliwe huru. Yeye mwenyewe alisubiri uhuru wake hadi 1784. Hebu fikirieni upendo huo!

Awali alisali kwa Wamethodisti. Siku moja, akiwa amepiga magoti, msimamizi akamvuta ainuke, eti pale si mahali pa Weusi. Jones akamwomba angoje sala iishe. Msimamizi akakataa. Sala ilipokwisha, Weusi wakatoka wote kwa pamoja.

Na bado, homa ya manjano ilipoukumba mji mwaka 1793, yeye na mhubiri mwenzake Mweusi, Richard Allen, wakaongoza watu wao kuuguza wagonjwa na kuzika maiti, wakiwemo wa Wazungu.

Kanisa linamkumbuka kila Februari 13. Mlioko huku, karibuni tusali pamoja.