Jumamosi zangu na mama zangu wa Mbuyuni

Jumamosi iliyopita walikuja wanne. Wa kwanza alifika saa moja kasoro asubuhi, mvua inanyesha, ile mvua ya Moshi ya mwezi wa nne inayoanza usiku na kukicha bado ipo, amejifunika kitenge kichwani na karatasi zake za mkopo amezifunga kwenye khanga nyingine akaziweka kifuani zisilowe. Yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Nikamwambia shikamoo mama, karibu ndani, akakataa, akasema miguu yake ina tope atanichafulia, mpaka nikamshika mkono nikamwingiza nikampa chai kwanza ndo tukafungua zile karatasi.

Wengi mmeniuliza hii kitu ilianzaje, na kwa nini siku yangu ya kupumzika nakaa barazani na daftari na kalkuleta nasoma mikataba ya watu ambao hata si ndugu zangu. Naomba leo niandike yote.

Mimi nilikuwa mhasibu msaidizi kwenye kampuni moja ya kupandisha wageni mlimani, miaka 11, nalipa wapagazi, wapishi, waongozaji, najua kila mtu anadai nini. 2020 corona ikaja, wageni wakakata, tukaambiwa tukae nyumbani kwanza, na hiyo kwanza haikuisha. Kwa kweli sikulala njaa, mume wangu alikuwa na kazi, ila kuna kitu kilikufa ndani yangu. Nilikuwa naamka, nafagia, napika, jioni inafika na siku nzima hakuna aliyenihitaji kwa lolote ninalolijua. Nilipungua mpaka mama yangu akadhani naumwa.

Sasa siku moja nimeenda soko la Mbuyuni kununua ndizi mshare, kwa mama ninayenunuaga kwake siku zote, namkuta amekaa chini nyuma ya mikungu analia kimya kimya, yani machozi yanatoka tu na mikono inaendelea kupanga ndizi. Nikachuchumaa. Akaniambia, mwanangu, jana wamekuja wamebeba mtungi wa gesi na tv, na kesho wanarudi kwa ajili ya makochi. Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Nikamuuliza ulikopa ngapi mama? Akasema laki mbili. Nikamuuliza unarejesha ngapi? Elfu tisa kila siku, siku 30.

Pale pale nikatoa simu nikaanza kupiga hesabu. Alisaini 200,000, ila wakakata 10,000 ya fomu na 10,000 wanayoiita bima, mkononi akapokea 180,000. Elfu tisa mara 30 ni 270,000. Yani kwa mwezi mmoja anarudisha alichopokea na nusu yake juu. Na siku akichelewa kuna faini, na faini nayo inaongezwa kwenye deni. Faida yake siku soko likichangamka ni kama 12,000, na hapo hajatoa nauli ya kushusha mikungu kutoka Kibosho wala ushuru wa soko, kwa hiyo ukikaa ukaangalia vizuri ule mkopo ulikuwa hauwezekani kulipika tangu siku ya kwanza. Nilipomwonyesha hiyo namba 270 kwenye kioo cha simu alinyamaza muda mrefu sana. Akasema, kwa hiyo siyo kwamba mimi ni mvivu?

Hilo swali sijalisahau mpaka leo. Miezi minne alikuwa anaamini yeye ndo mwenye kasoro, kwamba wenzake wanaweza na yeye anashindwa.

Kesho yake nikavaa nguo zangu za ofisi ambazo nilikuwa sijazigusa muda, tukaenda wote kwa wale wakopeshaji. Nilikuwa naogopa, sitaki kudanganya mtu. Nikaomba nakala ya mkataba, wakasema hawatoi. Nikaomba wanionyeshe walivyofikia lile deni, nikatoa daftari nikaanza kuandika mbele yao siku kwa siku alicholipa, maana yule mama alikuwa ametunza vikaratasi vyote kwenye kopo la maziwa. Ilichukua asubuhi nzima. Mwisho wakakubali kufuta faini na kubakiza 35,000 alipe kidogo kidogo, mtungi wa gesi ukarudi, tv haikurudi. Tumetoka pale mama wa watu ananishika mkono barabarani kama mtoto anavyoshikwa, hakuniachia mpaka tumefika stendi. Usiku ule nililala usingizi ambao nilikuwa sijaupata tangu kazi iishe.

Akawaambia wenzake. Jumamosi iliyofuata wawili, iliyofuata watano.

Watu wanasemaga wanawake wanapenda mikopo ya ovyo. Jamani. Mwanamke wa huku kwetu anakaa kwenye kihamba, yani shamba la migomba la ukoo, miaka 30, ndizi anapanda yeye, mbolea anabeba yeye, ila kihamba ni cha ukoo wa mume na kinaenda kwa watoto wa kiume. Sheria za ardhi za 1999 zinasema mwanamke ana haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanaume, sawa kabisa, ila nenda benki bila hati uone utaambiwa nini. Mtoto kafukuzwa shule kwa michango, mwingine yuko wodini, benki wanataka dhamana, na kule mtaani kuna kijana anatoa hela ndani ya saa moja kwa kitambulisho tu na picha ya vitu vya ndani. Wewe ungefanyaje?

Kwa hiyo ninachofanya ni kidogo sana. Nasoma mkataba kwa sauti, taratibu. Napiga hesabu. Nawaambia sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inataka mkopeshaji awe na leseni ya Benki Kuu, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa hawa wakopeshaji wa daraja la pili, yani wanaokopesha bila kupokea amana za watu, asilimia 3.5 kwa mwezi, kwa hiyo kwenye laki mbili riba ya mwezi ni 7,000. Siyo 70,000. Elfu saba! Wengine nikisema hivyo wanacheka kwanza, wanafikiri nimekosea. Nawaambia uombe nakala, usisaini karatasi yenye nafasi tupu, usiache kadi ya benki na namba ya siri kwa mtu, risiti tunza hata kwenye kopo.

Na siyo wote nimeweza kuwasaidia. Kuna dada mmoja alikuwa amekopa sehemu tatu, anachukua huku kulipa kule, mume hajui. Nilimwambia njoo Jumamosi tupange, nikakosea, ningemwambia njoo sasa hivi. Alhamisi akaondoka, akaacha watoto kwa bibi yao, mpaka leo hatujui yuko wapi. Watoto wake napita kuwaona. Nikiandika hapa mkono unakuwa mzito, na tangu hapo mtu akinipigia siku yoyote namwambia njoo.

Pia mwanzoni nilikuwa natoa hela zangu mfukoni. Nililipia watu watatu madeni na wote watatu walirudi kukopa, siyo kwa ubaya, shida ilikuwa pale pale. Ndo nikaelewa wanachohitaji ni sehemu nyingine ya kukimbilia. Tukaanza kikoba, yani kikundi cha kuweka na kukopeshana, wanawake 12, hisa 2,000, tunakutana kila wiki, na mfuko wa jamii 500 kwa ajili ya msiba na ugonjwa. Tukaandika katiba, tukaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata akatuelekeza usajili, tukafungua akaunti. Tulikuwa tunalenga mikopo ya ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, maana wanawake wametengewa 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, na haina riba hata shilingi. 2023 serikali ikasimamisha ile mikopo, tukavunjika moyo, watatu wakajitoa. Ilivyorudi 2024 tukaomba upya tukiwa tisa. Kuzunguka na mihutasari na barua za mtendaji kulichosha, ila tulipata, na siku hela imeingia wale mama hawakupiga vigelegele kama nilivyotegemea, walikaa kimya wanaangalia meseji ya benki, mmoja akaniomba nimsomee tena.

Sasa hivi nina kazi nyingine, nashika vitabu vya duka la vifaa vya ujenzi, mshahara ni mdogo kuliko wa zamani. Ila sitamani ile miaka irudi. Siku hizi nikipita Mbuyuni naitwa kila kona, dada wa hesabu, dada wa hesabu njoo, na ninajua nimeumbwa kwa ajili ya nini, hilo nalisema bila aibu.

Narudi kwa yule wa mvua. Tulikuwa katikati ya mkataba wake, akaingia mama wangu wa ndizi, yule yule wa 2020, siku hizi ndo mweka hazina wetu, alinipitia kuniletea mshare. Akamsalimia mwenzake, akakaa, akauliza, umesaini ngapi na mkononi ulipokea ngapi? Mwenzake akaanza kujibu anatetemeka. Mama wa ndizi akavuta kalkuleta upande wake, akaniambia, mwanangu wewe nenda kaweke chai nyingine.