Jinsi nilivyolitambua gari la kwenye picha ya zamani

Picha ilikuja na maelezo "Oldsmobile Curved Dash, 1902", lakini dereva ameshika usukani wa duara. Curved Dash iliongozwa kwa mpini, kama usukani wa mashua. Nikaiacha bodi, nikashuka kwenye chesisi, yaani fremu ya chini inayobeba gari. Enzi zile bodi ilibadilishwa kirahisi, kwa hiyo ushahidi wa kweli uko chini.

Oldsmobile ile ina springi ndefu zinazotoka ekseli ya mbele moja kwa moja hadi ya nyuma. Kwenye picha kila gurudumu lina springi yake fupi, ya umbo la duaradufu. Huo ni mpangilio wa Ford Model A ya 1903, yenye usukani wa duara upande wa kulia. Siti za nyuma zinazoonekana pichani nazo zikaeleweka: Ford waliziuza kwa dola 100 zaidi, zikiwa na mlango wa nyuma, na mwenye gari aliweza kuzifungua akaziondoa.

Ikabaki kuhakikisha kwamba si Ford Model C ya 1904, ndugu wa karibu sana wa Model A. Hiyo ina boneti ya bandia mbele, huku injini ikiwa bado chini ya kiti. Gari la picha halina boneti hata kidogo. Maelezo mapya yanasema: Ford Model A, pamoja na siti za nyuma.