Mafuta hayazuii PVC kuungua, niulizeni mimi

Kabla sijaanza kuuza vifaa vya bomba nilipiga kazi kwenye kakiwanda kamoja Dar, tulikuwa tunatengeneza mipira ya maji ya plastiki ya PVC, ile inayoangaza mpaka unaona maji yanavyopita ndani. Sasa zamu moja ya usiku mpira ukaanza kutoka na rangi ya chai ya rangi, supavaiza akaja mbio, "ongezeni mafuta!"

Mafuta ndo tulivyokuwa tunaita plastisaiza, yaani dawa ya kulainisha plastiki, yetu ilikuwa DOP, maana inakuja kwenye pipa na inamiminika kama mafuta ya kula. Basi tukaongeza, mpira ukawa unalegea kama utumbo wa mbuzi na unjano uko palepale.

Iko hivi: uzito wa PVC kama asilimia 57 ni klorini. Ikipata joto sana klorini inachomoka na haidrojeni, wanatoka pamoja kama gesi ya asidi, na asidi hiyohiyo inabaki humo inachochea nyingine itoke, ndo maana unjano ukishaanza haungoji, mara kahawia, mara nyeusi, na pua inawasha mpaka machozi. Na sisi tunaipitisha kwenye nyuzi 160 na kuendelea, joto ambalo bila stabilaiza, yaani dawa ya kuilinda isiungue, haivumilii.

Mafuta yenyewe hayaikamati hiyo asidi. Yanachofanya ni kuilainisha PVC ili iyeyuke kwa joto dogo zaidi na skrubu inayoisukuma ndani ya mashine isiisugue sana, kwa hiyo ukiyaongeza inabidi ushushe na joto la mashine. Sisi tumemwaga mafuta, joto hata hatujaligusa 😂

Kesho yake fundi mmoja mzee akaenda moja kwa moja kwenye mikisa, hakuangalia hata mashine. Kumbe dogo wa zamu alianza kumwaga mafuta, unga wa stabilaiza akautia mwishoni, ukabaki mabongemabonge, sehemu nyingine za mchanganyiko hazikupata kitu. Halafu walikuwa wamejaza skrapu ya krasha kibao, yaani mipira iliyoharibika ikasagwa irudi kazini. Skrapu imeshapikwa mara moja, stabilaiza yake ni kama mshahara wa tarehe 20, kimebaki kidogo na bado unaidai kazi ya mwezi mzima.

Na stabilaiza yetu ilikuwa ya kalsiamu na zinki, hiyo nayo ina visa vyake. Zinki inakula asidi vizuri na rangi inabaki safi, ila ikishakula inageuka kloridi ya zinki, na kloridi hiyo yenyewe ndo inaiunguza PVC kwa kasi, kalsiamu iko pale kuipokonya zinki hiyo klorini. Kalsiamu ikizidiwa, dakika hii mpira mzuri, dakika ijayo nyeusi tii, hata muda wa kuita mtu huna.

Mzee akatuongezea kidogo mafuta ya soya ya epoksi, yaani yaliyogeuzwa kikemia kiwandani, hayo sasa ndo mafuta pekee pale kiwandani yanayolainisha na kukamata asidi kwa wakati mmoja, akapanga upya mpangilio wa kuchanganya, skrapu akaipunguza, joto likashushwa. Mpira ukatoka safi.

Supavaiza kusikia soya akauliza si tununue ya dukani tu, rahisi. Mzee akamwambia nunua, ila ikichanganywa haikai ndani, mpira utatoka jasho la mafuta na mteja atakurudishia ukiwa unateleza kama kambale.