Hiace imepata dirisha

Gari likiwa zima, mkono husita kulikata. Jumamosi asubuhi nilisimama uani hapa Nkuhungu, Dodoma, mkononi jigso, yaani msumeno mdogo wa umeme, mbele yangu ubavu wa Hiace ya mizigo usio hata na mkwaruzo. Kijana wa gereji niliyemwita anisaidie akachoka kunisubiri. "Mzee, lete grenda, dakika mbili tu tumemaliza." Nikamkatalia. Grenda ina haraka kweli, lakini cheche zake huunguza rangi kandokando ya mkato na kwenda kunasa kwenye vioo vingine, na kona za mviringo haiziwezi. Jigso yenye msumeno wa chuma inakwenda taratibu na kelele zake majirani wote wamezisikia. Sawa tu.

Aliyelitaka dirisha ni mama. Gari hili kazi yake ni kubeba viti na maturubai ya kukodisha, ila kukiwa na msiba au harusi Kondoa linabeba na sisi, na yeye hukaa nyuma kwenye benchi. Safari iliyopita alipaza sauti kutoka huko: "Baba, Haneti tumeshaipita? Nitajuaje nami mmenifungia huku kama gunia la uwele?" Watu walicheka. Mimi nilikaa na neno lile mpaka Kondoa.

Kazi kubwa ilikuwa kupima. Kioo cha pembeni huchomwa kiwandani na kupozwa ghafla ili kiwe kigumu. Ukithubutu kukipunguza kinamwagika chenga. Kwa hiyo tundu ndilo linalofuata kioo. Nililaza kioo juu ya boksi, nikakizungushia kalamu, nikaongeza nafasi ya mpira utakaokishika kwenye bati, nikapata kiolezo. Kisha nikaingia ndani ya gari kuhakikisha mkato hautagusa mbavu za chuma zinazoshika bodi, nikatoboa kona kwa drili kutokea huko huko ndani. Ukitoka nje matundu yanakuonyesha pa kuweka kiolezo. Tepu ya karatasi nilibandika kote ambako kitako cha jigso kingepita, kisikwangue rangi.

Kipande kilipotoka, kijana alikishika kwa glavu. Makali yale ni wembe. Tukapiga tupa, msasa, halafu praima kwenye ukingo wote. Hapa kwetu mvua ni za Desemba hadi Aprili, na mtu anaweza kudhani kutu haina haraka. Inayo. Hata chenga za mkato ukiziacha sakafuni zinaota kutu na kula rangi, ndiyo maana nilizikusanya kwa sumaku ya spika mbovu niliyoivisha soksi.

Mpira tuliuanika kwenye bati la banda la kuku hadi ukalegea. Jua la Dodoma lina faida zake. Una mifereji miwili, mmoja unashika kioo, mwingine unauma bati. Ule wa bati unauzungushia kamba nyembamba ya nailoni, ncha zote mbili zibaki ndani ya gari. Tukapaka maji ya sabuni. Kijana akabaki nje akisukuma kioo kwa viganja, mimi ndani nikivuta kamba kidogo kidogo, na mdomo wa mpira ukawa unaruka ukingo wa bati na kukaa mahali pake, sentimita kwa sentimita. Sijui kwa nini jambo hili linafurahisha hivyo. Nilitamani lirefuke.

Gundi nyeusi ya vioo niliiacha hadi kesho yake alfajiri, kabla upepo haujaamka, maana vumbi letu likishanasa humo halitoki. Ilipokauka mke wangu akashika mpira wa maji, akamwagia kuanzia chini kwenda juu, mimi ndani na tochi. Kona moja ya chini ilitoa jasho. Nikainua mdomo wa mpira, nikaongeza gundi, tukamwagia tena, pakavu.

Mama amekuja kuliona, amekaa kwenye benchi, ameagiza pazia. Sasa watoto wanataka na upande wa pili uwe na dirisha. Huko kuna mlango wa kusukuma na reli zake, na kioo kikubwa wanachokitaka kitalazimisha ubavu mmoja wa chuma, wa zile zinazoshika bodi, ukatwe. Huo siukati.